Helmeti ya taya la kunyanyua: angalia loki kabla ya rangi

Wiki iliyopita mdogo wetu mmoja wa kijiweni hapa Kimara kaja na helmeti mpya ya pikipiki, nyeusi ya kung'aa, ndani ina kioo cha pili cha jua na taya lake linanyanyuka, kalipa elfu arobaini na tano, kila mtu anaishika anaisifia. Nikaiomba. Nikalishusha taya likalia kaa!, nikaingiza dole gumba kwa ndani nikasukuma kwenda mbele, kidogo tu, likafunguka. Kitufe sijakigusa. Nikamwambia mdogo wangu hapa hujanunua helmeti ya kuziba uso, umenunua ya wazi iliyobandikwa mdomo. Hakufurahi na namuelewa kabisa, hela imeshatoka. Nikaona bora niandike yote ninayoyajua kuhusu hizi helmeti ili mwingine asiingie kichwa kichwa.

Kwa asiyezijua, ni helmeti ya kuziba uso mzima ila mbele yote, kidevu pamoja na kioo, inapanda juu ukibonyeza kitufe. Wauzaji wengi wanaiita modula, wengine wanasema ya kufunua. Sio kitu kipya, BMW ya Ujerumani walitoa yao, ile System, tangu 1981. Na mi nazipenda kweli, navaa miwani na helmeti ya kuziba ya kawaida kila nikitaka kuivaa lazima nivue miwani kwanza halafu niichomeke tena kwa tabu, hii nanyanyua navaa nashusha basi. Mlinzi wa getini anataka aone sura, sheli wanataka waone sura, trafiki akikusimamisha unanyanyua unamsalimia mnaongea kama watu, na foleni ya Ubungo mwezi wa pili saa nane mchana unakunywa maji bila kuvua kitu. Kwa mtu anayeshinda barabarani hizi sio anasa.

Shida yake ni moja na ndo habari yenyewe. Helmeti ya kuziba ya kawaida kidevu chake ni gamba moja na kichwa, hakina pa kuachia. Hii ina bawaba mbili juu pembeni na loki mbili chini, kwa hiyo ukianguka na uso kinachoshikilia meno yako ni hivyo vitu vinne. Vikiwa imara umesalimika, vikiwa vya mchongo taya linaruka juu kwenye mguso wa kwanza na mguso wa pili unaupokea mwenyewe.

Mimi nimeupokea. 2019 pale Kibamba, manyunyu ya asubuhi na lori limemwaga mchanga barabarani, mwendo wangu thelathini na kitu hivi, tairi la mbele likateleza. Nikatua na bega halafu uso. Nyuzi saba kidevuni na jino moja la chini. Helmeti ilikuwa ya elfu sitini na nilikuwa naiamini, nilivyorudi nyumbani nikaikalisha mezani nikaifungua yote, pini za loki zilikuwa za plastiki, nyembamba kama njiti ya kiberiti, zote mbili zimekatika, na ndani ya kidevu hakuna povu gumu, kuna sponji la kitambaa limebandikwa na gundi juu ya plastiki tupu. Yaani hata lisingefunguka lisingenisaidia sana. Tangu siku hiyo siangalii rangi kwanza, naangalia vitu viwili, lebo na loki.

Tuanze na lebo. Geuza mkanda wa kidevuni utafute kitambaa kidogo kilichoshonwa, sio stika ya nyuma, nimesema kilichoshonwa kwenye mkanda. Helmeti iliyopimwa kwa kiwango cha ECE, kile cha Umoja wa Mataifa kinachotumika Ulaya na nchi nyingi tu, ina duara lenye herufi E na namba ya nchi iliyotoa kibali, E1 Ujerumani, E3 Italia, E9 Hispania, E11 Uingereza. Hiyo haimaanishi imetengenezwa huko, helmeti ya China inaweza kuwa na E9 kwa sababu kibali chake kimetoka Hispania, hakuna utapeli hapo. Pembeni au chini ya duara kuna namba ndefu, tarakimu mbili za mwanzo ni 05 au 06, ndo toleo la kiwango. Halafu kuna mkwaju na herufi, na hapa ndo usikimbie.

P maana yake kidevu kimepimwa na kinalinda. J ni helmeti ya wazi, kwamba wao wamepima kichwa tu, kidevu hawakihesabu. NP ni kidevu kipo lakini hakilindi, mtengenezaji mwenyewe kakiri kwa maandishi. Unayoitafuta we kwenye modula ni P, na nzuri zaidi ni P/J, hiyo imepita ikiwa imefungwa kama ya kuziba na ikapita tena ikiwa imenyanyuliwa kama ya wazi. Ukikuta modula imeandikwa J peke yake au NP irudishe kwenye rafu hata kama ni nzuri kiasi gani, ile sehemu ya mbele ni ya kuzuia vumbi na upepo basi.

Kati ya 05 na 06 chukua 06 ukiweza. Kanuni ya 22.05, yaani ECE namba 22 toleo la 05, ilikuwa inaigonga helmeti kwa kasi moja kubwa ya mita 7.5 kwa sekunde, 22.06 imeongeza pigo la kasi ndogo la mita 6 na la kasi kubwa zaidi la 8.2, na imeleta pigo la mshazari, lile linalotaka kuizungusha helmeti, kwa sababu barabarani hatuangukagi wima kama nazi, tunateleza na kichwa kinazunguka na ubongo unaumia sana kwa kule kuzungushwa. Lakini 05 sio takataka. Ulaya wameshahamia kwenye 06 kwa hiyo za 05 unaweza kuzikuta kwa punguzo la maana, ukipata ya P/J ya 05 ambayo haijakaa stoo miaka mingi na bei imekaa vizuri, mi naichukua.

DOT sasa, maana kila helmeti ya mtaani ina stika ya DOT. Hicho ni kiwango cha Marekani, FMVSS 218, na utaratibu wake ni kwamba mtengenezaji anajithibitishia mwenyewe, serikali inakuja baadaye kununua baadhi madukani na kuzipima. Kubwa kwetu ni hili, kiwango hicho hakipimi kidevu. Kwa hiyo helmeti inaweza kuwa na DOT ya halali kabisa na taya lake likawa la kuchomoka, stika haijasema uongo, ni kwamba haikuulizwa hilo swali. Na za feki ndo zimejaa, DOT tupu mtu yeyote anaprinti. Ya kweli imeandikwa pia FMVSS No. 218 na neno CERTIFIED, pamoja na jina la mtengenezaji na modeli. Za India utakuta alama ya ISI na IS 4151, hiyo ni bora kuliko kutokuwa na chochote, ila kwa modula bado natafuta ile P.

Kuna kitu kingine kizuri sana na ni bure. Serikali ya Uingereza ina mpango unaitwa SHARP, tangu 2007, wananunua helmeti madukani wanazigonga wenyewe halafu wanazipa nyota moja mpaka tano na kuweka matokeo kwenye mtandao. Kwa hizi za kufunua wanaandika pia asilimia ya mara ambazo taya lilibaki limefungwa wakati wanaigonga. Hiyo namba kwangu ina thamani kuliko nyota zenyewe. Andika jina la modeli pale kabla hujatoka nyumbani, Caberg Duke ya Italia kwa mfano ina nyota tano na wala sio helmeti ya matajiri. Sio kila modeli ipo, ila dakika tano za bando hazikuumizi.

Haya, upo dukani, lebo umeiona, ina P/J. Bado hujalipa. Shika helmeti funga taya usikilize, loki zote mbili zinatakiwa ziingie pamoja, mlio mmoja, ukisikia kaa-kaa, upande mmoja unatangulia mwingine unafuata, weka chini. Ifunge na kuifungua mara ishirini, muuzaji atakuangalia vibaya, acha akuangalie. Ikishafungwa ingiza vidole kwa ndani usukume mbele, halafu vuta juu, halafu shika kidevu kwa mkono mmoja na kisogo kwa mwingine ujaribu kuipinda kama unakamua nguo. Haitakiwi kuachia na haitakiwi kucheza cheza. Ifungue sasa uangalie pini na ndoano zenyewe, uzimulike na tochi ya simu. Chuma kinang'aa na ni cha baridi ukikigusa, plastiki iliyopakwa rangi ya fedha utaijua, ukiikwaruza na ukucha inaonyesha. Nataka chuma kwa chuma, pini ya chuma inaingia kwenye ndoano ya chuma.

Halafu bonyeza ndani ya kidevu. Toa ule mto wa kitambaa kama unatoka, chini yake unatafuta povu gumu jeupe au jeusi, lile lile linalokuja kwenye katoni ya TV ila lililoshindiliwa zaidi. Hilo povu ndo linalokufa badala yako, linabondeka likimeza pigo. Kama chini ya kitambaa kuna plastiki tupu yenye mwangwi ukigonga, umeshapata jibu hata kama lebo ina P, maana lebo nazo zinashonwa na mafundi.

Kitufe kiwe kimoja, katikati chini ya kidevu ndo napenda, ukifikie kwa mkono mmoja ukiwa na glavu, kwa sababu ukipata ajali mtu anayekuja kukusaidia anatakiwa anyanyue taya upumue bila kukuvua helmeti.

Bei. Nasema nilizoziona Kariakoo na Gerezani mwenyewe na zinacheza na dola, we ukienda utakuta zimehama kidogo. Chini ya laki na nusu mi simshauri mtu yeyote modula. Simaanishi nyamaza ubaki na kofia ya wazi, namaanisha hela hiyo hiyo inanunua helmeti nzuri kabisa ya kuziba ya kawaida yenye lebo ya kweli, kwa sababu utaratibu wa kunyanyua unagharimu kuutengeneza vizuri na wanapobana bei wanabana palepale kwenye loki. Yule kijana wa kijiweni amejikusanya ana laki na thelathini, Jumamosi nampeleka, na nimeshamwambia tunachukua ya kuziba, ya kufunua isubiri. Kuanzia laki mbili na nusu mpaka nne hivi ndo unaanza kuzipata za maana, LS2 za China kama Advant ambayo taya linazunguka mpaka kisogoni, MT za Hispania kama Atom, SMK ambazo ni za Studds wa India. Ukipanda zaidi kuna HJC za Korea, Caberg na Nolan za Italia, na huko juu kabisa Schuberth ambayo bei yake unaongeza kidogo unapata pikipiki iliyotumika. Gamba la polikaboneti, ile plastiki ngumu, halina ubaya, faibaglasi na kaboni mara nyingi ni nyepesi zaidi ila usalama huununui kwa jina la malighafi, unaununua kwa kipimo ilichopita.

Ila jina kubwa ndo linaloigwa zaidi. Ya orijino ina jina la modeli, saizi, uzito na tarehe ya kutengenezwa ndani, herufi safi hazina makosa, na mishono ya mkanda imenyooka. Ukinunua kwa kutumiwa mzigo omba picha ya lebo ya mkanda, ya tarehe, na ya loki ikiwa wazi, muuzaji anayekwambia "we niamini boss" bila picha mshukuru uendelee na safari yako. Na ile iliyokaa juu ya rafu ya nje mwaka mzima inaliwa na jua usiichukue hata kwa punguzo.

Mtumba. Najua Mchikichini na kwingine unaweza kuona Arai au Shoei ya Japani inauzwa laki na mkono unatetemeka. Usinunue. Lile povu likishabondeka mara moja halirudi, na kwa nje gamba linaweza kuwa halina hata mkwaruzo. Hujui ilianguka wapi, na anayekuuzia naye hajui. Watengenezaji wengi wanasema ukishaanza kuivaa ihesabie miaka mitano, ya mtumba hujui hata imeshakula mingapi.

Saizi watu wanaibeba juu juu sana na inaua kama loki mbovu. Chukua tepu ya fundi cherehani, izungushe juu ya nyusi kama vidole viwili na pale kisogo kinapotokeza zaidi, soma sentimeta. Mara nyingi 55 na 56 ni S, 57 na 58 M, 59 na 60 L, 61 na 62 XL, ila kila kampuni ina chati yake, angalia ya kwao. Ikiwa mpya inatakiwa ikubane mashavu mpaka uongee kama umejaza andazi mdomoni, mashavu yatalegea na matumizi, paji la uso lisiumie. Kaa nayo dukani dakika kumi na tano, funga mkanda, tikisa kichwa, helmeti iende na ngozi yako. Kisha mwenzako aishike kwa nyuma chini aivute kwenda juu na mbele, kama inataka kukuvuka shuka saizi moja. Mwenye rasta au nywele za kusuka aipime na nywele anazokaa nazo, sio siku aliyofumua, na dada anayevaa hijabu aipime na ushungi mwembamba na ile kofia ya ndani aliyoizoea, pini azitoe, pini ya chuma kati ya kichwa na helmeti ni hatari. Wa miwani, vaa nayo, mikono ya miwani iingie bila kukandamiza juu ya masikio. Uzito nao uupime shingoni, modula nyingi zinacheza kwenye kilo moja na nusu mpaka moja na gramu mia nane, na ukifunua taya uzito unahamia juu, shingo inajua.

Mkanda, mi napenda wa meno, unachomeka na kukaza, unavuta utepe kufungua. Wa pete mbili ni imara sana ila watu wanauchoka wanaanza kuuachia unaning'inia, na helmeti isiyofungwa inaondoka kichwani kabla yako. Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaochambua tafiti za afya, mwaka 2008 walikusanya tafiti 61 wakaona helmeti inapunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi na ya kuumia kichwa kwa 69, lakini lazima iwe bado ipo kichwani.

Kioo cha usiku ni cheupe, kile cheusi cha kupendezea kiache kwa mchana, na ile ya jua ya ndani ipandishe jua likizama. Kama ina vijipini viwili vidogo pembeni mwa kioo kwa ndani hapo unaweza kuongeza Pinlock, kioo chembamba cha ndani cha kuzuia ukungu, asubuhi za Mbeya au Lushoto utaniombea dua.

Sasa kuivaa. Kama ni P tu, taya linakaa chini muda wote pikipiki inatembea, lililonyanyuliwa linakuwa tanga, upepo unakuvuta shingo. Hata ya P/J mi nafunua nikiwa nimesimama au ninaingia kwenye vichochoro vya mtaani, barabara kubwa nafunga. Na ile tabia ya kuchomeka simu ndani ya helmeti ili uongee na mteja, tafadhali sana, inasukuma sponji, helmeti inalegea upande mmoja, na unaweka kitu kigumu cha kona nne kwenye panda ya uso, mahali ambapo fupa ni jembamba. Nunua earphone ya bei chee au simama pembeni uongee.

Usiitundike kwenye kioo cha pembeni cha pikipiki, lile povu linabonyea kidogo kidogo pale inapokaa. Usiisafishe na petroli wala tina, inakula polikaboneti na huioni, maji na sabuni ya kipande inatosha, sponji zitoe uzifue Jumapili uzianike kivulini. Loki kila mwezi zipitishie mswaki wa zamani mkavu, vumbi letu hili jekundu linaingia kwenye ndoano linakaa, ukishalitoa weka tone moja la mafuta ya silikoni, sio grisi, grisi inakamata mchanga. Halafu funga, ingiza dole gumba kwa ndani, sukuma. Mi nafanya hivyo kila asubuhi kabla sijapiga kiki.